Chakula Kisicho na Nyama Wala Dagaa: Namna ya Kukiuliza, Kukichagua na Kukipima katika Soko la Kijiji

Mazungumzo kwa walaji na wauzaji wa masoko ya vijijini, Uwanda wa Juu wa Ufipa, Mkoa wa Rukwa



Huenda baadhi yenu mnajiuliza kwa nini ofisi inayoshughulikia haki za mlaji imtume mtu kutoka Sumbawanga mjini kuja kuzungumzia mlo usio na nyama, mahali ambapo kwa kaya nyingi siku za nyama kwa mwezi huhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba mtu anayetaka chakula kilichotokana na mimea pekee, yaani kisicho na nyama, samaki, dagaa, mayai, maziwa wala samli, ni mlaji kama mlaji mwingine yeyote, na yeye ndiye mlaji anayepewa kwa urahisi sana kitu ambacho hakukiomba. Wala hayuko mbali. Katika Kwaresima, Wakatoliki, ambao ni wengi sana katika uwanda huu, huacha nyama kwa siku zilizoamriwa, na wapo wanaojiongezea ukali wa mfungo kwa hiari yao. Wapo Waadventista Wasabato wasiogusa nyama mwaka mzima. Wapo Marasta. Wapo waliopewa ushauri na daktari, na wapo ambao tumbo lao halipatani na maziwa hata kidogo. Wapo wageni wanaopita kwenda kuyaona Maporomoko ya Kalambo. Na yupo yule ambaye hakuchagua chochote, bali mfuko ndio uliomchagulia. Huyu wa mwisho hatafuti jina la mlo wake. Anachotaka ni kushiba, kupata afya, na kutopunjwa.

Nianze na lugha, maana matatizo mengi yanayoletwa kwetu huanzia hapo.

Neno letu «mboga» lina upana ambao mgeni haujui. Mtu aliyejifunza Kiswahili vitabuni hudhani mboga ni majani. Sisi tunajua kwamba mboga ni chochote kinachosindikiza ugali: nyama ni mboga, migebuka kutoka Ziwa Tanganyika ni mboga, maharage ni mboga, na mlenda nao ni mboga. Kwa hiyo mtu akimwambia mama lishe, «Mimi nakula mboga tu,» amesema neno lisilombana mpishi kwa lolote. Atakayetaka majani aseme «mboga za majani», na hata hapo hajamaliza kazi.

Neno «nyama» nalo ni jembamba kuliko wengi wanavyodhani. Kwa watu wengi nyama ni ya ng'ombe, mbuzi, kondoo au nguruwe. Kuku ni kuku, samaki ni samaki, na dagaa ni dagaa. Mama mmoja alifika kwetu akiwa na malalamiko juu ya kibanda cha chakula katika soko la kijiji ambalo sitalitaja. Alikuwa katika mfungo. Aliuliza kama majani ya maboga yana nyama, akaambiwa hayana. Alipofika katikati ya sahani alikuta vichwa vya dagaa. Mpishi alishangaa kuitwa mwongo, na kwa kweli hakuwa mwongo: aliulizwa habari za nyama, akajibu habari za nyama. Nasi hatukuwa na sababu ya kumchukulia hatua. Tulichofanya ni kuwakalisha pamoja, na mpishi mwenyewe ndiye aliyetueleza kuwa dagaa huwaweka katika majani kila siku, kwa kuwa wateja wake wasipowaona hulalamika kwamba mboga haina ladha.

Basi uliza kwa kutaja kitu kwa jina lake. «Mama, humu mna dagaa? Mmetia supu ya nyama? Mmekaangia mafuta gani, na mafuta hayo yamekwisha kukaanga nini?» Swali la mwisho watu hulisahau. Viazi vya kukaanga huchemka katika karai lile lile lililokaanga kuku asubuhi. Maharage huchemshwa kwa maji na chumvi, lakini wakati wa kuungwa ndipo hutiwa supu iliyobaki au kile kipande cha kiungo kinachouzwa katika karatasi, ambacho mara nyingi kina mafuta au dondoo ya kuku au ya ng'ombe. Orodha ya viambato huchapishwa kwenye karatasi hiyo, omba uisome. Maandazi na chapati nazo hutofautiana kibanda kwa kibanda: huyu hukanda kwa maji na mafuta ya alizeti, yule hukanda kwa maziwa na yai, na kwa macho huwezi kuzitenga. Makande ya mahindi na maharage kwa kawaida hayana shida, ila wapo wanaoyatia maziwa.

Kwenu wauzaji nasema hivi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa au huduma anayouziwa. Kutojua si kosa la aibu, ukiulizwa na hujui, sema «sijui, niliyenunua kwake ndiye anayejua.» Jambo lisilokubalika ni kuwatoa dagaa kwa kijiko na kuirudisha sahani mezani kana kwamba hawakuwamo. Na hapa nitatoa maoni yangu mwenyewe, ambayo si ya ofisi: mama lishe atakayetenga sufuria moja ya maharage na moja ya majani yasiyoguswa na dagaa, akawatangazia watu, hatapata hasara. Katika Kwaresima atapanga foleni.

Sasa tuingie sokoni kwenyewe.

Uwanda huu, ulioinuka hadi mita 1,800 na zaidi juu ya usawa wa bahari, ni mmoja wa maghala ya nchi. Wazee wa Kifipa walilima kwa ntumba, vile vichuguu vya nyasi na udongo vilivyooza hadi vikawa mbolea, halafu vikasambazwa na kupandwa ulezi. Leo mahindi yameenea kuliko ulezi, lakini ulezi haujaondoka. Mtu asiyekula kitu cha mnyama akipita katika masoko ya Laela, Mpui, Matai au Namanyere atakuta mahindi, ulezi, ngano, maharage ya rangi nyingi, karanga, alizeti, viazi mviringo na viazi vitamu, maboga pamoja na mbegu zake na majani yake. Akiteremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa mpaka Muze au Mtowisa, katika Bonde la Rukwa, atakuta mchele, ufuta, ndizi na maembe. Sisemi kwamba vyote hupatikana kila siku. Mvua zikianza Novemba majani huwa mengi na ghala huwa linakaribia kwisha. Ifikapo Juni na Julai ghala limejaa na majani yamepungua, isipokuwa kwa wenye bustani za mabondeni. Anayetegemea mimea pekee hana budi kununua kwa kuitazama kalenda hiyo, na maharage yake ya mwaka ayanunue wakati wa mavuno, si Februari.

Nikae kidogo kwenye maharage, maana ndiyo nyama ya asiyekula nyama. Protini ya mahindi ina upungufu ambao maharage huujaza, na ya maharage ina upungufu ambao mahindi huujaza. Ndiyo maana makande ya bibi zetu ni chakula kamili kuliko ugali mweupe na majani. Lakini jihadharini na majina. Katika masoko mengi ya nchi hii kuna maharage yanayoitwa «soya», na haya ni maharage ya kawaida. Soya yenyewe, ile mbegu ya mviringo yenye mafuta, inayotengenezewa maziwa ya mimea na kuchanganywa katika unga wa lishe, ni mmea mwingine kabisa. Mtu aliyeambiwa kliniki anunue soya, akanunua maharage ya jina hilo, hakununua sumu. Amenunua chakula kizuri ila si kile alichotumwa. Uliza: «Ni maharage ya soya, au ni soya yenyewe?» Mwuzaji wa Ufipa atakuelewa mara moja.

Maharage mazuri yana ngozi inayong'aa na hayana matundu ya bungo. Lichukue moja uling'ate: likibonyea chini ya jino, bado lina maji, nawe unalipia maji hayo kwa bei ya maharage, tena yataota ukungu ndani ya gunia lako. Maharage ya misimu iliyopita yana rangi iliyofifia na huchelewa kuiva. Bei yake ndogo hurudishwa jikoni kwa kuni na mkaa. Mwuzaji mwaminifu atakuambia ni ya mwaka gani. Akikukatalia, nunua kidogo kwanza ukayajaribu. Yaloweke usiku kucha na umwage maji ya kulowekea: yataiva mapema na tumbo litatulia.

Kisha kipimo. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea kimya kimya. Sokoni tunauziana kwa sado, kile kindoo cha plastiki chenye ujazo wa lita nne kilichopata jina lake kutokana na rangi za Sadolin, na kwa debe, ambalo ni lita ishirini. Sado tano huwa debe moja. Debe la mahindi makavu huwa na uzito unaokaribia kilo 17 au 18. Hizo ni hesabu za sado nzima. Lakini zipo sado zilizochomwa moto kitakoni kikaingia ndani, zipo zilizokatwa ukingo, na zipo zilizowekewa kipande cha gunia chini. Wanunuzi wa jumla nao huja na madebe yaliyotanuliwa ubavu, au hudai lumbesa, lile gunia linaloongezewa kichwa juu ya mdomo wake kwa kushonewa nyavu. Kwa hiyo mkulima hupunjwa akiuza, na huyo huyo hupunjwa tena akinunua. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka kipimo kitumikacho katika biashara kiwe kimehakikiwa na Wakala wa Vipimo na kupigwa alama. Sado haina alama hiyo. Najua kwamba leo siwezi kuziondoa sado zote sokoni kwa maneno, lakini mnunuzi ana haki ya kukitazama kitako cha kipimo kabla hakijajazwa, na kuomba mzigo upimwe kwa mizani. Mtu asiyekula nyama hununua nafaka na mikunde kwa wingi kuliko jirani yake. Upungufu wa robo kilo katika kila sado humgusa yeye kuliko mwingine.

Karanga zinahitaji neno la onyo. Zinapendwa, zinatia nguvu, na zikisagwa huunga majani vizuri kuliko mafuta. Lakini karanga na mahindi visivyokaushwa vema huota kuvu watoao sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo haionekani, haina harufu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu wasiopungua 19 walifariki kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Huo ulikuwa msiba wa ghafla. Sumu ile ile ikiingia mwilini kidogo kidogo kwa miaka huharibu ini na kuleta saratani. Kwa hiyo karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika au zenye ukungu usizinunue hata zikiwa nusu bei, na wala usimpelekee kuku, kwani hudhurika kama wewe. Na karanga zilizokwisha kusagwa zinunue kwa mtu unayemjua, kwa kuwa ndani ya ule uji hakuna anayeweza kuona kilichosagwa. Mimi nashauri ununue karanga nzima, uzichambue nyumbani, kisha usage mwenyewe kwa kinu.

Mashine ya kusaga nayo ina habari yake. Jiwe lililotoka kusaga dagaa kwa ajili ya unga wa lishe litaacha dagaa katika unga wa anayefuata. Kwa mtu wa mfungo hili ni jambo la dhamiri. Kwa mtu ambaye mwili wake haupatani na samaki ni jambo la hospitali. Mwambie mwendesha mashine mapema, na umwombe aanze kwa kupitisha kiasi kidogo cha mahindi ya kusafishia. Na unga wa lishe unaouzwa tayari katika mifuko usiudhani kuwa ni nafaka tupu: mwingi una dagaa au maziwa ya unga. Mfuko halali hutaja viambato, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya kwisha muda, na jina la mtengenezaji. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, na alama ya ubora ya shirika hilo ndiyo ya kutafuta. Mfuko mweupe usio na maandishi huwezi kuulalamikia kwa mtu yeyote, kwa sababu hakuna jina la kulalamikia.

Majani sitayazungumzia kwa kirefu, maana hapa mimi ndiye mwanafunzi na akina mama ndio walimu. Msusa, mchicha, matembele, kisamvu, mnavu, majani ya maharage, chainizi: yanunue asubuhi, yaoshe kabla ya kuyakata na si baada, na usiyapike hadi yakaishiwa rangi. Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa sana, hicho hakina njia ya mkato. Magadi yanalainisha upesi lakini huharibu sehemu ya vitamini. Kamulia limau au ndimu, au kula pera baada ya mlo, kwa kuwa vitamini C husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika majani na maharage. Chai kali pamoja na chakula hufanya kinyume chake. Inywe saa moja baadaye.

Uyoga wa msituni unaouzwa barabarani wakati wa mvua ni chakula kitamu, na wapo wachumaji wanaoujua kama wanavyowajua watoto wao. Nunua kwao tu. Usinunue kwa mtoto mdogo aliyetumwa, wala kwa mpita njia, na usiamini habari kwamba uyoga wa sumu hutambulika kwa kubadilisha rangi ya kijiko au ya kitunguu. Hakuna kipimo cha jikoni kinachoaminika.

Nifike kwenye chakula ambacho wengi hawatarajii kunisikia nikikitaja. Kuelekea Kasesya, kwenye mpaka, na zaidi upande wa pili Zambia, huliwa kitu kiitwacho chikanda: viazi vidogo vya mimea ya okidi, vilivyotwangwa, vikachanganywa na karanga zilizosagwa, magadi na pilipili, vikapikwa hadi vikashikamana, kisha vikakatwa vipande kama nyama ya kusindika. Hakina mnyama ndani yake, ni kitamu, na mtu wa mimea pekee angekifurahia sana. Shida yake ni kwamba kukipata kiazi lazima mmea mzima ung'olewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu Nyanda za Juu Kusini ulikadiria kuwa viazi hivyo huvuka mpaka kwa mamilioni kila mwaka. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, ilianzishwa kwa sehemu ili kuyalinda maua hayo. Biashara ya okidi kati ya nchi na nchi inasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa viumbe walio hatarini, hivyo anayevusha magunia bila kibali anavunja sheria, na anayenunua anamtafutia soko. Sitamkamata mama mwenye kipande kimoja mezani. Nasema tu kwamba mlaji anayeacha nyama kwa sababu ya kuhurumia uhai ajue kuwa kipande kile hakikutoka shambani.

Mafuta: ya alizeti yanayokamuliwa hapa hapa ni mazuri, ila huuzwa katika chupa zilizotumika. Tazama kama chupa ni safi, kama mafuta yametulia na hayana povu, na yanuse. Yaliyochacha hujitangaza yenyewe.

Chumvi nayo isipuuzwe. Bonde la Rukwa lina historia ndefu ya chumvi ya kienyeji, na machimbo ya Ivuna yalijulikana tangu karne nyingi zilizopita. Lakini nyanda hizi za juu zilisumbuliwa kwa muda mrefu na rovu, ile tezi ya shingo inayovimba kwa kukosa madini joto. Asiyekula samaki wa baharini, mayai wala maziwa amebakiwa na chumvi kuwa karibu chanzo chake pekee cha uhakika cha madini hayo. Nunua chumvi ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto, ihifadhi katika chombo chenye kifuniko mbali na jiko, na uitie chakula kinapokaribia kuiva.

Sasa niseme jambo ambalo halipendezi kusemwa katika mkoa unaojivunia ghala. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2015/16 ulikuta kwamba asilimia 56 ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wana udumavu, kiwango kilichozidi cha mikoa yote, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 34. Utafiti wa mwaka 2022 uliona nafuu kidogo: kwetu karibu asilimia 50, kitaifa asilimia 30. Watoto hao hawakukosa mahindi. Sababu ni nyingi: maji yasiyo safi, maradhi ya mara kwa mara, mama kurudi shambani mapema, lakini mojawapo ni sahani yenye kitu kimoja, uji mwepesi wa mahindi asubuhi na ugali jioni. Kwa maneno mengine, mlo usio na nyama si lazima uwe mlo kamili. Chakula cha mimea pekee kinachofaa ni kile chenye mikunde, nafaka, majani, matunda, na mbegu zenye mafuta, na kukikusanya katika soko hili kunawezekana kwa mtu mzima mwenye afya.

Kwa mtoto ni habari nyingine. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linashauri watoto wa miezi 6 hadi 23 wapate chakula kitokanacho na wanyama kila siku, yaani nyama, samaki au mayai. Mzazi mwenye msimamo wa kutokula vitu hivyo asimwekee mtoto wake msimamo huo kabla hajazungumza na mhudumu wa kliniki. Vivyo hivyo kwa mama mjamzito na anayenyonyesha. Hata kwa mtu mzima kuna kirutubishi kimoja ambacho soko hili haliuzi katika umbo la mmea: vitamini B12. Mimea haina. Togwa haina kiasi cha kutegemewa, wala uyoga, wala majani yasiyooshwa kama wengine wanavyodai. Upungufu wake huja polepole, pengine baada ya miaka, kwa uchovu, ganzi za mikono na miguu, na upungufu wa damu. Anayeishi kwa mimea pekee kwa muda mrefu anapaswa kuipata kwa vyakula vilivyoongezewa virutubishi, ambavyo hutajwa kwenye kifungashio, au kwa vidonge vya duka la dawa lililosajiliwa kwa ushauri wa mtaalamu. Yeyote atakayekuuzia unga wa mti fulani kwa madai kwamba una B12 ya kutosha, mwombe akuonyeshe maandishi na usajili. Asipokuwa nayo, shika fedha yako.

Kuhusu togwa, nimeisema kwa ubaya nusu, basi niisifu nusu nyingine. Togwa ya kimea cha ulezi ni kinywaji cha mimea kilicho bora kuliko soda yoyote iliyopo hapa: kuotesha na kuchachusha hufungua madini yaliyofungwa katika nafaka. Tazama tu chombo na maji yaliyotumika.

Likikupata tatizo, usianze kwa kelele. Mrudie mwuzaji, ukiwa na bidhaa yenyewe na kifungashio chake. Akikataa, nenda kwa kamati ya soko, ambayo humjua kila mtu na humaliza mengi kabla ya jua kutua. Chakula kichafu au chenye kutilia shaka mpelekee afisa afya wa kata. Kipimo kibovu, Wakala wa Vipimo. Bidhaa iliyofungashwa isiyo na maandishi au iliyopitwa na wakati, Shirika la Viwango. Udanganyifu wa maelezo, Tume ya Ushindani. Ukiwa huna hakika ni wapi, njoo kwetu tukuelekeze. Tarehe, jina la soko, na kiasi ulicholipa uviandike siku ile ile.

Nimekuja na debe na mizani vilivyohakikiwa, na viko juu ya meza ile chini ya mti. Aliyenunua maharage au karanga asubuhi hii aje na mfuko wake tuupime, na mwenye sado aje nayo vile vile. Hatutamwandika mtu jina leo. Baada ya hapo nitapokea maswali.